Chujio la Samaki na Kazi ya Mzee Kioko

Chrrrr. Sauti hiyo ilitoka chini ya sinki langu Jumamosi alasiri, na mpaka leo nikiikumbuka masikio hunichoma kwa aibu, maana ilinikuta nimeketi kwa kiburi, nimetoka tu kumfukuzisha mtu kazi.

Niwaeleze kwa mpangilio. Nafuga samaki sita wa mapambo katika nyumba yangu ya Kayole, na kwa kuwa maji yetu ya kisima yana chumvi isiyowafaa, nilinunua chujio lenye mirija mitatu: mmoja huingiza maji, wa pili hutoa maji safi, wa tatu humwaga yaliyobaki na chumvi. Ndoo ya maji safi ikijaa, boya hufunga, na yale ya kumwagwa nayo yanapaswa kukoma. Fundi alinisihi niutie mrija wa tatu kwenye ndoo nyingine ili niuone. Mimi (mwanafunzi wa uzamili, msahihishaji wa vipimo vya wenzangu) nikauchomeka kwenye bomba la maji machafu chini ya sinki, kwa sababu mlio wa matone ulinivuruga nikiandika tasnifu. Uamuzi mdogo huo ndio ulionimaliza.

Wiki hiyo tangi la juu ya paa lilikauka mara mbili. Wapangaji tukapandwa na mori (kina mama walikuwa wakibeba mitungi hadi orofa ya nne), nami, badala ya kuchunguza, nikakokotoa: watu wangapi, lita ngapi, siku ngapi, hivyo basi Mzee Kioko, msimamizi wa jengo, anauza maji. Nikaandika hoja nne kwenye kundi la wapangaji, kisha nikazisoma kwa sauti pale ngazini, mwenye nyumba akisikiliza kwa simu.

"Madam, mimi siuzangi maji," Mzee Kioko alisema. "Hiyo tangi nilijaza Jumanne, nikaiona na macho yangu."

"Hesabu hazidanganyi, mzee," nikamjibu. (Laiti ningeumeza ulimi.)

Mwenye nyumba akaamuru mzee akabidhi funguo kabla ya jioni.

Bauza, lori la maji, likaja, tangi likajaa, nami nikaketi. Ndipo: chrrrr. Nikafungua kabati. Ndoo ilikuwa imejaa, boya limefunga, lakini mrija wa tatu ulikuwa ukimimina bila kupumzika. Vali ya kukata maji ilikuwa mbovu, na jaribio la kuigundua huchukua dakika tano tu, liko ukurasa wa pili wa maelekezo, nililipigia mstari mwenyewe! Nikaikasirikia vali, nikamkasirikia aliyeniuzia, na zaidi nafsi yangu. Mwenye akili angefunga bomba kuu. Mimi nikang'oa mrija wa kuingiza maji ili nihakikishe kwanza kwamba kosa ni la vali.

Maji yakanirukia usoni, yakapita chini ya mlango, yakashuka ngazi kama yaliyotumwa kunichongea. Majirani wakaja na mabeseni. Mama Nekesa wa mlango wa pili akachungulia.

"Daktari! Kumbe mwizi ana mapezi? Sisi tunaoga na kikombe, samaki yako inaogelea!"

Wakacheka mpaka ukuta ukacheka. Mzee Kioko, begi mkononi tayari, akaingia, akafunga bomba kuu nyuma ya mlango, akauinua ule mrija.

"Hii ndiyo ilikuwa inakunywa tangi," akasema taratibu. Heri angenitukana.

Nikashika simu nianze kuandika taarifa ya kuomba radhi, yenye utangulizi.

"Wacha kuandika," Mama Nekesa akanikatiza, hacheki tena. "Ulimfukuza na mdomo, mrudishe na mdomo."

Tangu siku hiyo simshuku mtu kabla sijakagua jikoni mwangu. Nikampigia mwenye nyumba, ngazi nzima ikisikiliza, nikamwambia maji hayakuuzwa, yalimwagwa.

"Nani alikuwa anamwaga maji?"

"Ni mimi, nyumba namba tatu."

"Na ile hesabu yako?"

"Lita zilikuwa sahihi. Mtu ndiye niliyemkosea."

"Nishatafuta mwingine."

"Basi mwambie huyo mwingine asije," nikasema. "Mzee yuko hapa na begi lake. Zungumza naye." Nikamkabidhi simu kwa mikono miwili.