Pembe la Yubile Kibanjani Kanoni

Ta Cleophace, mzee wa Kanoni, alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: maneno ya Kiingereza yaliyozaliwa kwenye Biblia. Alikuwa katekista tangu ujanani. Wenzake wakianika kahawa, yeye alisimama na reki mkononi, macho mawinguni, akiwaza neno fulani lilipita njia gani hadi likafika Ulaya. "Talent", alipenda kusema, ilikuwa talanta ya fedha katika mfano wa Bwana, kabla Waingereza hawajaifanya kipaji. Na "scapegoat" ni yule mbuzi wa Mambo ya Walawi, aliyebebeshwa dhambi za watu akaachiwa nyikani.

"Wa kwetu naye amefunguka," mkewe Benadeta alimjibu. "Yuko kwenye maharage ya jirani."

Mwaka huu ndoa yao ilitimiza miaka hamsini. Watoto waliandaa misa na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Yeye akaandaa hotuba juu ya neno "jubilee". Jumapili moja alasiri, mibuni ilipotoa maua meupe na harufu yake ikalegeza hata mawazo, aliketi barazani kuijaribu mbele ya mgeni wake, Ma Kokwijuka.

Bibi huyu alizaliwa katika kibanja hicho hicho cha Cleophace, nyumba pamoja na migomba yake. Baba yake alikiuza kwa baba yake Cleophace, na kaburi la mama wa Kokwijuka likabaki migombani. Aliachika bila mtoto, na sasa amepanga chumba senta. Huku kwetu mtu huzikwa kibanjani kwao. Asiye nacho atalala wapi? Hilo ndilo lililomwogopesha kuliko kifo chenyewe. Mara nyingi aliomba kipande kidogo kando ya mama yake. Cleophace, mpole kwa yote isipokuwa habari za mpaka, alimjibu, "Tutaona, dada."

"Asili yake ni Kiebrania," alianza hotuba. "Yobeli, pembe la kondoo dume. Neno likapita kwa Wagiriki na Walatini hadi kwa Waingereza. Mwaka wa hamsini pembe lilipigwa, watumwa wakaachwa huru, na kila mtu akarudi..."



"Akarudi wapi, Ta Cleophace?" aliuliza Ma Kokwijuka.

Kwenye ardhi ya baba zake. Watoto wangapi wa kipaimara amewafundisha sentensi hiyo! Leo hakuimaliza. Ukungu ulikuwa ukishuka kilimani, na ndani yake akawa kama anasikia pembe likilia mbali, watu wakiteremka na mikeka kichwani, kila mmoja akitafuta migomba ya kwao. Mlangoni pa mmoja wao amesimama yeye, Cleophace, amezuia njia. Aibu ikamshika, aibu ya kweli.

"Endelea, waitu, nasikiliza," alisema Ma Kokwijuka kwa adabu. Hakuwa akimtega, alitaka tu kujua mwisho wake.

Cleophace akainuka. Alichukua panga, akakata matawi ya omuramura, mmea ambao Wanyambo hupanda mpakani, akaongoza njia migombani. Aliyachomeka kulizunguka kaburi, akaacha nafasi ya watu wawili, mama na binti. Benadeta alikuja akihema, akidhani mzee amerukwa na akili.

"Wewe ndiye shahidi," Cleophace alimwambia. "Hapa ni kwao."

Ma Kokwijuka alipiga magoti taratibu, akaweka kiganja juu ya udongo.

"Mama," alisema, "sogea kidogo. Nimerudi."