Nguzo Mbili Chini ya Roshani

Mume wangu hakai. Mkaribishe sebuleni kwako, kabla hajaketi ameshainua macho darini, ameshapapasa ukuta, ameshauliza juu kuna nini. Ni fundi wa kufunga nondo, na wenzake wanamwita Usikanyage, kwa sababu siku ya kumwaga zege hana neno jingine mdomoni. Wanasema jirani ya waridi hunukia. Mimi jirani ya nondo nimebaki na kutu: nikiingia nyumba ya watu naangalia nguzo kwanza, wenyeji baadaye.

Lakini zile wiki za roshani ya kaka yangu alizidi. Anainuka chakula kikiwa mezani, anakwenda dirishani, anarudi, ukimuuliza anataka nini, anasema hakuna kitu. Nikamwambia kama ana siafu kwenye suruali aseme, tumtafutie dawa. Hakucheka, na huyu ni mtu wa kucheka.

Kaka yangu ni muuza magodoro. Tunamwita Bosi tangu utotoni kwa kupenda kuamrisha. Alikuwa anajenga ghorofa, na chumba cha mbele cha juu kilikuwa cha mama yetu. Tangu baba afariki, Mama anaishi kwa Bosi katika chumba cha nyuma, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Bosi alimwahidi roshani inayotokeza nje, bila nguzo hata moja chini, akae pale aone watu wanaopita. Nondo zake alizifunga mume wangu, zege lilikwisha mwagwa, sasa limeshikiliwa na miti likisubiri kukomaa. Mama alikwisha nunua kiti.

Siku moja nikiosha vyombo, mume wangu akaninyang'anya sponji mkononi. Akaishika upande mmoja, akabonyeza ncha iliyobaki hewani.

"Tazama," akasema. "Juu panavutwa, chini panabanwa. Zege ukilibana linavumilia. Ukilivuta linachanika. Kinacholizuia lisichanike ni nondo, kwa hiyo kwenye roshani inayoning'inia nondo lazima zikae juu."

"Na zako ziko wapi?"

Akaendelea kuibonyeza ile sponji, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. "Nadhani zimezama."

Akanieleza. Siku ya kumwaga, watu hupita na ndoo juu ya nondo, na kazi yake ni kusimama pale, kupiga kelele, na kuziinua zilizokanyagwa kabla zege halijazifunika. Katikati ya kazi gari la Bosi likasimama, akashuka Mama, kaja kuona chumba chake. Sasa niambieni, mwanamume gani atamwamkia mama mkwe wake kutoka juu ya jukwaa, kifua wazi, koleo mkononi? Akashuka, akanawa, akavaa shati, akaenda akaamkia. Na salamu za mama yangu si za kumezwa mara moja. Aliuliza wajukuu mmoja mmoja, akauliza kikohozi changu, akauliza mpaka kuku. Mume wangu aliporudi juu, zege lilikuwa limeshasawazishwa.

"Mbona hukusema?"

"Nitasemaje? Wataniuliza nilikuwa wapi. Nimtaje mkwe?"

Nilipandwa na hasira. Hasira na yeye, hasira na mama yangu, hasira na adabu yenyewe. Mpaka jioni nilikuwa nagonga masufuria tu.

Kesho yake tulikwenda wawili, yeye na nyundo na patasi. Akaitoboa roshani kwa juu, karibu na ukuta, pale nondo zilipotakiwa kuwa juujuu kabisa. Akachomeka kidole chote, hakikugusa chuma. Akakaa kitako juu ya mfuko wa saruji, akainuka, akakaa tena. Miti ile ikitolewa, roshani ingeweza kusimama wiki, ingeweza kusimama mwaka, kisha siku Mama ameketi na wajukuu wake ikakatika pale pale ukutani. Aliyajua hayo, na bado siku ya kutoa miti alitoka nyumbani hajaamua atafungua mdomo au la. Nikamfuata.

Tulimkuta Bosi ameshafika, Mama yuko pembeni na kiti chake kipya. "Toeni miti," Bosi akasema, na mfanyakazi akainua nyundo.

"Acha," mume wangu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Nondo zimezama. Haitabeba."

"Nani alikuwa anaziangalia?"

"Mimi."

"Wewe? Miaka yote unatuchosha na usikanyage, usikanyage, halafu kwangu ndiyo unalala?"

Mume wangu akaangalia chini. Nilijua hatamtaja mkwe hata wamtukane mpaka jua lizame. Mimi sikuumbwa hivyo.

"Hakulala. Alishuka kumwamkia mama yako."

Mume wangu akaniangalia kama nimemvua nguo mbele ya watu. Mama akamgeukia mkwewe.

"Kwa hiyo shikamoo yangu ndiyo imezamisha chuma?"

"Si hivyo, Mama. Kosa ni langu."

"Najua ni lako. Ungeniacha nisubiri, nisingekufa." Akakaa kwenye kiti chake, pale pale kwenye vumbi. "Inatibika?"

Hapo mume wangu akapata ulimi. Nguzo mbili mbele, kila moja na msingi wake, na boriti ya kuziunganisha. Roshani ikishikwa pande zote mbili, uzito unaivuta kwa chini katikati, na huko chini ndiko nondo zilikozama. Mhandisi aliyechora nyumba aliitwa, akapima, akakubali, akamchorea ukubwa wa nguzo. Bosi alinung'unika kwamba nyumba yake sasa ina magongo kama mgonjwa. Mama akamwambia bora nyumba yenye magongo kuliko mama mwenye magongo.

Nguzo zilipokomaa, miti ikatolewa. Mume wangu akapanga mifuko ya mchanga juu, mingi kuliko watu watakaowahi kukaa pale, kisha akazunguka chini na uzi wake akipima, anakwenda, anarudi. Roshani haikushuka. Hata hivyo kabla Mama hajapanda, alitangulia yeye, akarukaruka pale kama mtoto. Nilikuwa nimefumba macho.

Siku hizi Mama anaketi pale, anawajua wapita njia wote. Na mume wangu akiwa kazini popote, Mama akipitishwa hapo kwa gari, anateremsha kioo mapema, kabla yule hajamwona, kabla hajaweka chini chochote.

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Baki huko huko juu."