Mlango wa Banda la Ma Kokugonza

Wengine nikiwasimulia wanasema nilikuwa nimekunywa rubisi. Sikuonja hata tone. Haya yamenipata mimi mwenyewe, jioni jua bado likiwaka, na banda lenyewe liko Kanazi mpaka leo.

Mimi ni seremala, natokea Hamugembe. Ma Kokugonza, mjane, aliniita nimtengenezee mlango wa banda. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwenye mimba kubwa, na riziki yake yote ilikuwa kwa huyo ng'ombe. Nikachagua mbao nene za mkaratusi, zisivunjike kwa teke. Mlango nikaufunga ufunguke kwa ndani, kama wa nyumba. Si ndivyo tunavyomkaribisha mgeni?

Mama alikuwa ameenda kuteka maji. Mzee mmoja akatokea migombani, kavaa kanzu na koti, miguu mitupu. Ng'ombe aliyekuwa akinitishia pembe tangu asubuhi akamlamba mkono.

"Shikamoo, waitu," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Geuza bawaba, ufunguke nje. Siku ya kuzaa atalala hapo mlangoni, na huyu mama hana wa kumsaidia kusukuma."

Kusema kweli nilikasirika. Nani anapenda kufundishwa kazi yake? Lakini alisema kwa upole mno, nikainama nikaanza kulegeza skrubu. Nilipoinua kichwa, hayupo. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, na nyayo kwenye tope zilikuwa zangu peke yangu.

Ma Kokugonza aliporudi nikamweleza. Akakaa chini pale pale, akanionyesha kaburi la mumewe kibanjani, kule kule migombani. Alizikwa na kanzu ile na koti lile.

Wiki haikuisha, ng'ombe akashikwa na uchungu, akalala ameegemea mlango. Ndama alikuwa amekwama. Mama akauvuta mlango kwa nje, akaingia, akamtoa ndama mzima.

Tangu hapo milango yote ya mabanda naifunga ifunguke nje, mwenye mali atake asitake. Na wewe, ukikutana na mtu wa namna ile, usikimbie. Muulize kama ana salamu za kufikisha. Mimi sikuuliza. Kila nikipita Kanazi, Ma Kokugonza ananipa kahawa za kutafuna, halafu ananiuliza taratibu, "Na mimi, hakuniulizia?" Namrudia yale yale, kwamba alisema hana wa kumsaidia. Anasubiri mengine, na mimi sina.