Mikono Iliyotoka Namie

Masue Kanno alikuwa mjane, na saluni yake mjini Namie, mkoa wa Fukushima, ilikuwa karibu na stesheni. Kwa miaka mingi wanawake wa mtaa ule walimwachia vichwa vyao na siri zao. Tetemeko la ardhi la Machi lilipopiga, vioo vyote vilipasuka, na bahari ikaja ikazoa mitaa ya chini, ila saluni ilibaki imesimama. Asubuhi iliyofuata alikuwa bado anafagia vipande vya vioo, mara likapita gari la manispaa likitangaza kwamba kila mtu aondoke aelekee milimani. Mtambo wa nyuklia ulioko kusini mwa mji ulikuwa umeharibika. Masue alifunga mlango kwa ufunguo kama mtu anayekwenda sokoni.

Mdogo wake, Tsutomu, hakuondoka naye. Alikuwa fundi wa mabomba palepale mtamboni, naye alibaki na wenzake wakihangaika kuvipoza vinu.

Tangu siku hiyo Masue hakutulia. Alilala katika ukumbi wa shule, akahamia kwa binamu yake, na kwa binamu pia akaondoka, kwa sababu mke wa binamu alikuwa akifua mashuka ya Masue mbali na ya wengine, tena kwa adabu nyingi. Katika kituo kimoja cha wakimbizi alizuiwa mlangoni mpaka apitishiwe kipimo cha mionzi toka kichwani hadi nyayoni. Gari lake lilikuwa na namba za Fukushima, na popote alipoliegesha alilikuta limekwaruzwa. Mwishowe alipata kazi Saitama, karibu na Tokyo, kwenye saluni ya mama mmoja aitwaye Hatano. Wateja walipomuuliza kwao ni wapi, alijibu kwamba ni Sendai, mji wa mkoa mwingine.

Uongo ule ulimkaba. Baada ya kazi alizurura ovyo, akishuka stesheni zisizo zake na kupanda treni nyingine. Ijumaa moja alikwenda Tokyo kwenye maandamano, kati ya maelfu ya watu waliopiga ngoma wakitaka mitambo yote ifungwe. Alipiga kelele nao mpaka sauti ikamkauka. Kijana mmoja akampa chupa ya maji, akitabasamu. Bango alilobeba kijana huyo lilisema wasichana wa Fukushima wasizae tena. Masue alimshukuru kwa maji, akageuka, akaenda zake.

Juma lililofuata alikuwa akimwosha nywele mteja wa siku zote, mwanamke mchangamfu mwenye watoto wadogo. Mwanamke huyo akaanza kulalamika kuhusu familia moja iliyohamia mtaani kwao kutoka Fukushima.

"Nawaonea huruma, sisemi sivyo," alisema, macho kayafumba. "Lakini si wangebaki hukohuko? Kwa nini wawaletee watoto wetu mionzi?"

Mikono ya Masue ilisimama kichwani mwake, povu likichuruzika.

"Mimi natoka Namie, mama," alisema. "Mikono hii inayokuosha ni ya Namie."

Mwanamke alifumbua macho. Akasuuzwa, akalipa, akatoka nywele mbichi. Mama Hatano hakumfukuza Masue, lakini wateja walianza kuomba wahudumiwe na mwingine, na baada ya muda yeye mwenyewe alivua aproni akaaga.

Alirudi Fukushima, kwenye nyumba za muda za Nihonmatsu walikopelekwa watu wengi wa Namie. Aliomba chumba kimoja kwenye jengo la mikutano, akaweka viti viwili na kioo. Wateja wake wa zamani wakaja, wamezeeka ghafla, na vicheko vikaanza kusikika tena.

Hapo ndipo Tsutomu alipotokea, siku yake ya mapumziko, kakonda, nywele zimemfunika masikio. Kila mtu alijua anakofanya kazi.

Bibi Yoshida, ambaye shamba lake lilikuwa limefungwa na vizuizi vya polisi, aliinuka kwenye kiti cha kusubiri.

"Sikai chumba kimoja na mtu wa mtambo," alisema. "Miaka yote mlituambia hakuna hatari. Wewe mwenyewe ulikuja kwangu na vipeperushi."

"Nilikuja, bibi," alisema Tsutomu. "Niliamini."

"Basi amini tena sasa, ili nami nirudi kwangu."

Tsutomu aliinamisha kichwa chini kabisa, akabaki hivyo. Kisha akamgeukia dada yake na kusema kwa sauti ndogo, "Dada, nitakuja siku nyingine."

"Keti," alisema Masue. "Bibi, hasira uliyo nayo ninayo. Nimeizungusha nchi nzima, haijapungua. Lakini huyu ni mdogo wangu, nami ni kinyozi."

Bibi Yoshida alivaa viatu mlangoni akatoka. Wengine wawili wakamfuata. Mmoja alibaki, akajifanya anasoma gazeti. Masue alimnyoa mdogo wake, na Tsutomu akasinzia kitini kabla hajamaliza.

Kesho yake Tsutomu alirudi mtamboni. Bibi Yoshida alikaa miezi bila kukanyaga mle, kisha akaja asubuhi moja, akataka nywele zikatwe fupi, na jina la Tsutomu halikutajwa. Masue naye hakutulia hata baada ya hapo. Kila mara alivihamisha vile viti viwili, leo dirishani, kesho ukutani, na wanawake wakamzoea hivyohivyo.