Gemu ya Pili ya Mjomba Salumu

Ile Ijumaa naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Umekuja kuniuliza ununue gemu nyingine ya mkononi au ubaki na hiyo uliyonayo, ukanionyesha na picha, eti mpya ina kioo kikubwa. Mie mama yako mkubwa mambo ya vioo siyajui. Kaa nikusimulie habari ya mjomba wako Salumu, na ukitaka kucheka utacheka peke yako.

Tulikuwa tunakaa Temeke, nyumbani kwa baba. Mama alishafariki, shangazi ndiye aliyetulea. Gemu za wakati huo zilikuwa zile ndogo za beteri, vitofali vinashuka kutoka juu, wewe unavipanga. Salumu alikuwa kijana mkubwa, ana ndevu, kazi yake kupiga msasa vinyago kule Mwenge. Akirudi ni yeye na kigemu chake barazani mpaka chakula kinapoa. Shangazi alisema mpaka akachoka. Wala hakuwa mtu mbaya, nakuapia, mtaa mzima ulimpenda.

Baba akaugua ini, akawa wa kitandani. Ijumaa hiyo, watu wamesharudi msikitini, akasema tuingie mmoja mmoja atupe radhi. Unajua sie jambo hilo kwetu ni zito: mzazi anaaga, unamshika mkono, unamwomba akusamehe yote, naye anakuwia radhi. Salumu ndiye mkubwa, ndiye alipaswa kuanza. Akaniambia nitangulie. Nikaingia, baba akasema, "Nimekusamehe, mwanangu, la wazi na la siri." Nikatoka nalia. Akafuata mama yako, bado mdogo, naye akatoka.

"Kaka, baba anakuita," nikamwambia Salumu barazani.

"Nakuja, namalizia."

Hata macho hakuinua. Nikarudi ndani nikamwambia baba kwamba anakuja. Baba akaita mwenyewe, kwa sauti ile ya mgonjwa: "Salumu!" Salumu akaitika, "Naam, baba, nakuja!" Aliitika, mwanangu. Alisikia, na hilo ndilo linaloniuma. Alipokuja kuinuka, shangazi alikuwa ameshamfumba baba macho.

Siku ya tatu tukasoma hitima. Watu wakikunja majamvi, mtu akakikanyaga kile kigemu, kikapasuka. Nikadhani Salumu atashukuru. Wapi! Akamwambia shangazi anakwenda Kariakoo kununua kingine, apunguze mawazo. Nilitamani nimzabe kibao.

Shangazi akamtazama. "Kanunue," akasema. "Ila niambie kwanza. Ile ya Ijumaa, uliimaliza?"

"Sikuimaliza, shangazi. Ile haina mwisho."

Shangazi akainuka akaenda jikoni. Salumu akalia palepale kwenye jamvi, mwanamume mzima, mbele za watu.

Hakununua. Lakini usidhani alipata nafuu. Mvi zimemjaa kichwani, na kila sikukuu akija hapa huniuliza, "Dada, unadhani baba aliniwia radhi?" Nimjibu nini? Sikusikia akitamka. Kumdanganya siwezi, na kumwambia ukweli roho inakataa, basi namtilia chai.

Haya, umeuliza, nakujibu. Gemu si haramu, nami sikukatazi kucheza. Ila ya pili usiinunue mpaka ya kwanza umejua kuiweka chini. Jana nilikuwa kwenu. Mama yako alikuita kutoka chumbani, mgongo umemkaza, hawezi kujigeuza. Ulimjibu neno lilelile la mjomba wako. Nikaenda kumgeuza mwenyewe.

Ukiitwa na mzazi, inuka, mchezo ukatike ulipofikia. Mungu akujaalie wepesi wa miguu, mwanangu, na mama yako akuwie radhi angali ana sauti ya kuitamka. Sasa nenda nyumbani, ukakae naye.