Turbo Kwenye Kilima cha Kalembe

Jeep yangu ilikuwa ya mazutu, yaani dizeli, na haikuwa na turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Kila nilipopanda kilima cha Kalembe na mizigo, abiria walishuka kusukuma. Siku moja alishuka hadi mama mjamzito, akapanda kwa miguu huku ameshika kiuno. Sikupata amani tena. Nikaenda Mubi kwa kaka yangu mkubwa, fundi wa magari, nikamwomba anifungie turbo iliyotolewa kwenye jeep nyingine iliyoanguka.

"Hii moteri haikuzaliwa na turbo," aliniambia akigonga injini. "Itapata hewa mingi, itakula mazutu mingi, na joto itapanda. Usiikaze."

Alifanya kazi siku tatu. Alichomelea bomba la moshi upya, akavuta mrija wa mafuta ya kulainisha ili turbo isikauke. Mimi nilizunguka gari kama kuku anayetafuta pa kutaga.

"Mudogo wangu, ikala!" kaka alisema, akinionyesha kiti. "Unanichokesha."

Siku ya nne tulipanda kilima cha Kalembe pamoja, mimi nikiendesha. Turbo ikapiga mluzi, gari likashika kasi, na mguu wangu ukazidi kukanyaga. Mshale wa joto ukapanda.

"Punguza!" kaka alipaza sauti.

Sikupunguza hadi mvuke ulipofunika kioo.

Tulingoja kando ya barabara hadi moteri ikapoa, tukaongeza maji. Kaka hakunigombeza, aliniambia tu nihamie kiti cha abiria. Akaendesha taratibu, tukafika juu bila kusukuma. Nilifurahi, lakini mguu wangu uliendelea kukanyaga sakafu, mahali pasipo na pedali.