Picha ya Dada kwenye Bango

Kwenye maktaba ya chuo walimwita Mama Tovuti, ingawa hakuwa na mtoto hata mmoja na kazi aliyoajiriwa ilikuwa kupanga vitabu. Aliyekuwa akiitunza tovuti ya chuo aliacha kazi, mkuu akamgeukia yeye: si una kompyuta mezani? Basi, ndiyo ikawa yake.

Walimu walikuwa wakiokota picha mtandaoni ovyo ovyo, hadi mwenye picha mmoja akaja juu. Mama Tovuti akaona dawa ni kupachika kwenye ukurasa wa mbele kisanduku cha kutafutia picha. Unaandika neno, zinakuja picha ambazo wenyewe wamezitoa zitumiwe na yeyote bila kuomba, mradi umtaje aliyezipiga. Alihangaika nacho wee, mara kinatokea pembeni, mara hakitokei kabisa, mpaka kikatulia. Naye asionekane mchoyo, akachangia picha zake kwenye hazina hiyo ya mtandaoni. Mojawapo ilikuwa ya dada yake, ameketi kitandani karibu na dirisha, kichwa kimeinama, mwanga umemwangukia begani. Alipomwomba ruhusa, dada alijibu, "Weka tu." Kwenye maneno ya kutafutia Mama Tovuti akaandika: mwanamke, dirisha, huzuni.

Haya sasa. Mwalimu wa malezi, mtu makini hadi anachosha, akawa anatengeneza bango. Akaandika "huzuni" kwenye kisanduku, akaipenda picha ya kwanza kuja. Bango likabandikwa getini na kwenye zahanati ya jirani: UNAPIGWA NYUMBANI? SEMA. Na chini, kama alivyoelekezwa, akamtaja mpiga picha kwa jina lake kamili.

Asubuhi lilipobandikwa, shemeji, mume wa dada, akapiga simu. Alikuwa fundi viatu, mpole, mtu ambaye mtaa mzima ungemwapia.

"Shemeji, umenivua nguo hadharani. Wateja wananiangalia mikono."

"Nisamehe, shemeji. Naitoa."

"Itoe leo. Kila mahali."

Mama Tovuti alitamani ardhi ipasuke. Bango la getini alilibandua mwenyewe kwa kucha, huku mwalimu wa malezi akimfuata nyuma na kuomba radhi mpaka akakera. Picha akaifuta alikoiweka. Lakini alipotafuta zaidi akaiona kwenye kurasa za mashirika asiyoyajua, na hao hakuwa na la kuwafanya. Ruhusa aliitoa mwenyewe, na ruhusa ya namna ile ukishaitoa hairudi. Akalia pale pale kati ya rafu, na mwanafunzi aliyekuwa karibu akajifanya anatafuta kitabu.

Jioni akaenda kwa dada, akamkuta chumbani anakunja nguo. Hata hakuketi.

"Nimewaandikia wote waitoe. Wakikataa nitawaandikia tena. Nimemharibia shemeji jina, dada, sijui nitamtazamaje usoni."

Dada akaendelea kukunja. "La zahanati umelitoa?"

"Bado, walikuwa wamefunga. Kesho naanzia hapo."

"Liache."

"Dada, watu watadhani anaku..."

"Siku ile ulipiga picha nyingi," dada akasema, bila kupandisha sauti. "Mara nisogee, mara nishushe bega, mara nisiangalie kamera. Ukasifu mwanga weee. Hukuniuliza mchana kweupe nimekaa kitandani nina nini."

Mama Tovuti akaikumbuka siku ile. Ile huzuni aliiona. Aliiona vizuri kabisa, akaiandika kwa vidole vyake, ili watu wasiomjua dada yake waipate kwa urahisi. Aliona aibu ambayo hakuijua hata asubuhi pale getini.

Simu ikaita mkononi mwake. Alikuwa shemeji. Akaiacha ikaita mpaka ikakata yenyewe, kisha akasogeza nguo, akaketi kitandani kando ya dada yake.

"Tangu lini?" akauliza.